Shemeji, Gari na Maji ya Bosham

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ameishi kusini mwa Uingereza kwa miaka mingi, na miaka hiyo imemjengea imani kwamba katika nchi ile hakuna jambo lisiloandikwa mahali, na kwamba jambo likishaandikwa na yeye akishalisoma, basi limekwisha. Husoma maelezo ya dawa ya mswaki. Husoma masharti yaliyo nyuma ya tiketi ya basi. Nilipokwenda kuwatembelea mwezi wa Septemba, nilimkuta amekwisha kuandaa matembezi ya kando ya Bandari ya Chichester, katika kaunti ya West Sussex, akiwa na ramani ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia shingoni na ratiba aliyoichapa mwenyewe, ambayo ndani yake nilitengewa dakika kumi za kujisaidia.

Inafaa nieleze starehe yenyewe kwa wasioifahamu. Mwingereza anayetaka kupumzika huendesha gari hadi kijiji fulani, huliegesha, kisha hutembea kilomita nyingi kupitia mashamba, matope na miiba, akapanda vingazi vya mbao vya kuvukia nyua za watu, ili mwishowe afike pale pale alipoliacha gari. Nilimwuliza Shemeji kwa nini tusibaki tu garini tangu mwanzo, kwa kuwa ndiko tutakakoishia. Alinitazama kwa huruma, akanieleza kwamba njia za miguu za huko zinalindwa na sheria, hata zikipita katikati ya shamba la mtu, na kwamba mkulima akiilima njia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kupanda hupewa siku 14 tu kuirudisha ipitike tena. Nikanyamaza. Mtu mwenye sheria mkononi hashindani na mtu mwenye miguu miwili tu.

Tulifika Bosham saa moja na nusu asubuhi. Ni kijiji kizuri mno: nyumba za kale, kanisa lenye mnara, gati dogo, na hori pana lililokuwa kavu wakati ule, tope tupu linalong'aa, mashua zimelala ubavu. Pembeni mwa hori hilo inapita barabara ya lami inayozunguka kutoka upande wa kijiji hadi upande wa mashariki, na kwenye ukingo wake palikuwa na nafasi tele. Shemeji alifurahi sana. Hapakuwa na gari hata moja, hapakuwa na mashine ya kulipia, hapakuwa na mlinzi. Alisema kwamba hii ndiyo faida ya kuamka mapema.

Mimi nilishuka nikakanyaga kitu kinachoteleza. Nilipotazama chini niliona mwani, tena mwani mbichi, umejilaza juu ya lami kama mkeka, na katikati yake kaa mdogo akipita bila haraka, mtu aliye kwao. Niliinua macho nikaona kuta za mawe za nyumba zilizo ng'ambo ya barabara zina alama ya kijani inayonifika kiunoni, na milango yake imejengwa juu ya vidaraja vitatu au vinne. Mimi ni mtu wa pwani. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili tu, na Septemba, pale usiku na mchana vinapokaribia kulingana urefu, ndio msimu wa bamvua kubwa kupita zote, yaani maji ya bahari kujaa na kupwa kuliko kawaida. Nikasema kwa upole, "Shemeji, hii barabara ina mwani."

"Upepo," akajibu.

"Na kaa?"

"Shemeji, huku viumbe hutembea kwa uhuru."

Kulikuwa pia na kibao kilichosema kwamba barabara ile hufunikwa na maji kila yanapojaa. Nilimwonyesha. Alikisoma chote, kwa sauti, kwa heshima anayoipa kila maandishi, kisha akanieleza kwamba nchi ile hutahadharisha juu ya kila jambo, hata kikombe cha chai huandikwa kuwa kimo kitu cha moto, na kwamba vibao vya aina hiyo huwekwa kwa ajili ya dhoruba. Mbinguni hapakuwa na hata wingu moja. Nami nilikuwa mgeni wake, nimelala kwake, nimekula kwake, na yeye ni mume wa dada yangu. Kuna kiwango cha kubishana na shemeji ambacho adabu hukiruhusu, na mimi kiwango changu nilikuwa nimekimaliza kwa yule kaa.

Tukafunga gari. Ndani ya buti aliacha jozi ya viatu safi, koti zuri, na kontena kubwa la kijani ambalo Dada alikuwa amelijaza sambusa alizozikaanga usiku, kwa maelekezo kwamba zisiguswe hadi mwisho wa safari.

Kituo cha kwanza kilikuwa kanisani, ambako mlango ulikuwa bado umefungwa, lakini Shemeji hahitaji mlango ili aeleze jambo. Alisimama kati ya makaburi akanipa historia. Kanisa hili, alisema, ndilo linaloonekana katika kile kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa katika karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70, mahali ambapo Harold anakuja kusali kabla ya kupanda merikebu kuelekea Normandy; Harold huyo huyo aliyekuja kuwa mfalme na kuuawa vitani Hastings mwaka 1066. Kisha akafika kwenye hadithi aipendayo zaidi. Mfalme Canute, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1016 hadi 1035, inasimuliwa kwamba alichoshwa na watu wa baraza lake waliomwambia kuwa hakuna asiloliweza. Akaamuru kiti chake kipelekwe ufukweni, akaketi, akayakataza maji yasipande. Maji yakapanda, yakamlowesha miguu. Zipo sehemu kadhaa zinazodai kuwa tukio hilo lilitokea kwao, na Bosham ni mojawapo, tena inasemekana binti mdogo wa mfalme huyo alizikwa ndani ya kanisa lile.

"Unaona, Shemeji," alisema, akinyoosha kidole kuelekea hori, "bahari haimjui mfalme."

Nilitazama kule alikonyooshea kidole. Katika tope, mifereji miembamba iliyokuwa mikavu tulipofika ilikuwa imeanza kuwa na maji, nayo yalikuwa yakienda upande wa kijiji. Sikusema neno.

Kutoka hapo tulirudi kwa miguu kwenye ile ile barabara, tukalipita gari letu likiwa kavu na lenye furaha, Shemeji akaligonga kidogo begani kwa mapenzi, tukaendelea kusini kufuata ufuo wa mashariki. Sehemu hii ya njia hupita chini ya ukuta wa bahari, juu ya changarawe na makombe, na yenyewe pia haipitiki maji yakijaa. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba yake kwa wino mwekundu. Ndiyo maana tulikuwa tumeamka mapema! Alikuwa amesoma nyakati za maji kwa ajili ya miguu yetu, akahesabu, akapanga, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Gari halikuwamo katika hesabu hiyo kwa sababu gari, kwa maelezo yake, halikuwa likitembea.

Mwisho wa rasi ile kuna kivuko: mashua ndogo inayovusha watu na baiskeli zao hadi kijiji cha Itchenor, ng'ambo ya mkondo. Tulivuka, tukapita kati ya mashua za tanga nyingi kiasi kwamba milingoti yake ilionekana msitu, tukafuata ufuo hadi Birdham, ambako ule mfereji wa Chichester uliofunguliwa mwaka 1822 unafika baharini, na ambako watu wameweka makazi yao ndani ya majahazi yaliyofungwa kando ya mfereji, yenye maua dirishani na bomba za moshi. Shemeji alivutiwa nayo mno. Alisema kwamba nyumba inayoelea ni wazo la busara kwa sababu maji yakipanda, nayo inapanda. Nilikubaliana naye kwa dhati, nikaongeza kwamba ni vitu vichache vyenye bahati hiyo. Hakuuliza ni vitu gani.

Dell Quay tulipumzika kidogo. Hapo ndipo palikuwa bandari ya mji wa Chichester kwa karne nyingi, ingawa leo ni gati fupi tu na nyumba chache, na ukitazama juu ya mashamba unauona mnara mrefu wa kanisa kuu la mji ukichoma mawingu. Wakati ule mawingu hayakuwapo, lakini maji yalikuwapo. Yalikuwa yamekwisha kuijaza ile mifereji yote, yakaanza kulamba majani ya pembeni. Katika bandari ile, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4, na kwa kawaida ya pwani hiyo maji ya bamvua hufikia kilele karibu na mchana na karibu na usiku wa manane. Ilikuwa saa tano. Nilisema, kana kwamba nazungumza na batamaji, kwamba maji yanapanda vizuri leo. "Yanapendeza sana," akasema Shemeji, akayapiga picha.

Fishbourne tulipita mbio, kwa kuwa ratiba haikuwa na nafasi ya Warumi. Ni hasara, maana hapo mwaka 1960 watu waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji walikuta mabaki ya kasri la Kirumi la karne ya 1, lenye sakafu za nakshi za vijiwe, mojawapo ikimwonyesha mtoto mwenye mbawa amepanda pomboo. Mimi ningependa kuiona. Shemeji alisema tutaiona siku nyingine, kwa sababu saa saba kamili ni chakula.

Mashambani ndipo tulipopata kisa kidogo kabla ya kile kikubwa. Njia iliingia katika malisho, na ndani ya malisho walikuwamo ng'ombe, na kati ya ng'ombe hao alikuwamo mmoja mwenye shingo nene kuliko mwili wangu, ambaye hapakuwa na shaka juu ya jinsia yake. Nilisimama. Shemeji alinieleza kwamba hakuna la kuhofia: kwa sheria ya mwaka 1981, fahali wa mbegu za maziwa aliyepita umri wa miezi 10 haruhusiwi kabisa kuwekwa katika shamba linalopitiwa na njia ya watu, na fahali wa mbegu za nyama huruhusiwa kwa sharti la kuwa pamoja na majike wake, kwa kuwa akiwa na wenzi huwa mtulivu. Nilimwuliza kama fahali naye ameisoma. Wakati huo fahali alikuwa ameanza kutujia, si kwa hasira, bali kwa mwendo wa karani anayekuja kuuliza una miadi na nani. Shemeji aliendelea kunieleza kifungu hicho huku akirudi nyuma, kisha akikimbia, kisha akiwa juu ya ua wa miiba, ambako kipande cha suruali yake kimebaki hadi leo. Fahali alifika pale, akainusa ramani iliyodondoka, akailamba upande wa kaskazini, akaondoka. Kwa hiyo tuliingia Bosham tukiwa tumechanika, tumechelewa, na tukiwa na ramani iliyokosa kaskazini.

Tulitokea upande wa mashariki wa hori, na hori halikuwa hori tena. Lilikuwa bahari. Maji yalikuwa yametanda kutoka ukuta hadi ukuta, ya samawati na matulivu, mashua zote zimesimama wima, na barabara yetu haikuonekana popote. Juu ya ukuta palikuwa na watu wapatao thelathini, wengine na vikombe vya chai, wengine na watoto mabegani, wote wakitazama upande mmoja. Shemeji alichangamka. Alidhani ni sili. Alimwomba mzee mmoja darubini, mzee akampa kwa ukarimu, na Shemeji akaielekeza kule walikotazama wote.

"La hasha!" akasema. "Ni gari!"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hadhira, na kwa kuwa asubuhi nzima alikuwa na mimi tu, akaanza kusema kwa Kiingereza kizuri na sauti ya kusikika. Alisema kwamba mtu huyo bila shaka ni mgeni asiyejua kusoma, maana kibao kipo pale pale wazi. Alisema kwamba watu wa namna hii ndio wanaotupandishia sote gharama za bima. Mzee mwenye darubini alisema kweli kabisa. Shemeji akaendelea, akasema kwamba mtu hahitaji elimu, anahitaji macho tu, kwa sababu mwani huonekana. Mama mmoja akapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na macho yangu hayakuhitaji darubini. Maji yalikuwa yamefika juu ya vitasa vya milango. Ndani ya kioo cha nyuma, juu ya kile kiti ambacho hukunjwa ili buti lipate nafasi, kulikuwa na kitu cha mraba kikielea taratibu, kikigonga kioo, kikirudi nyuma, kikigonga tena. Nilitafakari jinsi ya kumjulisha. Huwezi kumwambia mume wa dada yako, mbele ya kadamnasi, kwamba mpumbavu anayemhubiri ni yeye. Nilisubiri apumue, nikamwinamia, nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Shemeji, zile sambusa Dada alizitia katika kontena la rangi gani?"

"La kijani. Kwa nini?"

"La kijani kama lile?"

Alirudisha darubini machoni. Ilikaa hapo muda mrefu. Wale waliokuwa karibu walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mgongo wa mtu aliyepigwa na habari hueleweka katika lugha zote. Hatimaye aliishusha, akamrudishia mzee, akamshukuru, akasema kwa sauti nyembamba sana kwamba darubini ni nzuri, inaonyesha vizuri.

Kilichofuata hakikuwa cha lazima. Shemeji alitoa ufunguo mfukoni, akaulenga gari lililokuwa umbali wa mita hamsini ndani ya bahari, akabonyeza. Sijui alitarajia nini. Taa ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena chini ya maji kwa rangi ya manjano ya kupendeza. Vifuta kioo vikaanza kufanya kazi, vikifagia bahari kutoka kushoto kwenda kulia. Honi ikalia na haikunyamaza. Akabonyeza tena, na vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja, kwa adabu kamili, kama milango inayofunguliwa kumkaribisha mgeni. Bahari ikaingia iliyokuwa bado haijaingia. Kontena la kijani likatoka kwa dirisha la nyuma, likageuka, likashika njia ya kuelekea kanisani. Batamaji wawili wakalifuata.

Umati ulishangilia. Mtoto mmoja aliyekuwa akijifunza tanga katika kimashua chake alilifuata lile kontena, akalipindukia mara mbili, akalikamata, akatuletea ukutani. Dada yangu ni mtu wa kufunga vitu vikafungika. Tulipofungua, sambusa zilikuwa kavu, na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya hadi maji yapwe, na kwa kuwa ilikuwa saa saba na robo na ratiba ilisema chakula, tulizigawa kwa wote waliokuwapo. Mzee wa darubini alikula tatu. Mama aliyepiga makofi, ambaye alikuwa mkazi wa moja ya nyumba zile zenye vidaraja, alileta chai na kijitabu chembamba cha nyakati za maji za mwaka mzima, akampa Shemeji kama zawadi. Alieleza kwamba mlangoni kwake kuna nafasi za kupachika mbao maji yakizidi, na kwamba yeye na mumewe huweka hesabu ya magari kwa kila mwaka kwenye ukuta wa jikoni. Letu lilipata kistari papo hapo. Shemeji alikisoma kijitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, akathibitisha kwamba kila kilichotokea kilikuwa kimeandikwa.

Barabara iliibuka baada ya saa mbili hivi. Gari lilionekana zima kwa nje, safi kuliko lilivyokuwa asubuhi, ila kila mlango uliofunguliwa ulitoa mto wake, na kwenye nafasi ya miguu ya dereva alikuwamo kaa. Siwezi kuapa kwamba alikuwa yule yule. Gari la kukokota lilipofika, dereva wake hakuuliza swali lolote. Alifunga mnyororo kwa mkono mmoja huku akila sambusa ya mwisho kwa mkono wa pili, akasema gari lililoingiwa na maji ya chumvi kiasi hicho halina maisha tena, nyaya zake huoza hata ukilikausha, akatuonyesha kituo cha treni kilipo.

Dada alitupokea mlangoni. Hakuuliza kuhusu gari. Aliuliza lipo wapi kontena lake, nami nikamkabidhi, likiwa limeoshwa na bahari.

Usiku ule Shemeji aliketi mezani na fomu ya madai ya bima, akaisoma yote kuanzia juu hadi chini, na maandishi madogo pia. Swali la mwendo wa gari wakati wa ajali alilijibu: sifuri. Swali la mwendo wa chombo kingine lilimsumbua, akaniuliza bamvua hupanda kwa kasi gani, nikamwambia haraka kuliko anavyodhani. Mahali palipotaka jina na anwani ya mhusika wa pili alikaa karibu nusu saa, akaandika, akafuta, hatimaye akapaacha wazi. Sehemu ya mashahidi ndiyo pekee aliyoijaza bila taabu, na hata hiyo, majina yalipokwisha kujaa mistari yote, alilazimika kuomba karatasi ya ziada.